Vita Nilivyorudi Navyo Kariakoo



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Wengi mlitegemea niseme juu ya kisukari na shinikizo la damu, maradhi ya umri wetu. Niwieni radhi. Nitasema juu ya ugonjwa nilioufanya siri kwa zaidi ya miaka 30, nikawaficha hata baadhi yenu mlioketi mbele yangu.

Mnajua kwamba mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Mimi nilikuwa kijana wa mgambo, nikaenda vitani pamoja na wengine. Tarehe 10 Machi 1979 tulikuwa Lukaya, nchini Uganda, mahali ambapo barabara ya Kampala inakatiza kinamasi. Maroketi ya Walibya yakatuangukia. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kupigana, tukatawanyika kinamasini. Rafiki yangu alijeruhiwa mguu. Aliniita kwa jina. Nilikimbia. Sikumwona tena.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Tuliporudi tulipokelewa kwa ngoma na vigelegele, nami nikafungua meza ya viungo Kariakoo. Lakini tairi la lori likipasuka Mtaa wa Msimbazi, nilijikuta nimelala chini ya meza, wateja wakicheka. Usiku nilisikia jina langu likiitwa. Nikaanza kunywa ili nipate usingizi. Mke wangu akachukua watoto, akarudi kwao. Wazee walisema ni mapepo. Marafiki walisema, "Sahau, ndugu yangu, vita vimekwisha." Walisema kwa mapenzi, lakini jambo hilo moja ndilo nililoshindwa.

Mwaka 2011 mteja mmoja alinikuta chini ya meza, wala hakucheka. Alikuwa muuguzi aliyewahi kufanya kazi na wakimbizi kambini Kigoma. Alichutama, akaniuliza, "Mzee, hapo ulikuwa wapi?" Nikajibu, "Lukaya." Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu nirudi.

Akanipeleka kliniki, tukaanza kazi. Alitandika kamba sakafuni, akasema, "Haya ni maisha yako, tangu kuzaliwa." Mahali pa furaha niliweka ua; mahali pa msiba niliweka jiwe. Ua mojawapo, ndugu zangu, lilikuwa la shule hii. Kisha, kikao baada ya kikao, tulisimulia kila jiwe kwa mpangilio: saa ngapi, wapi, niliona nini, nilinusa nini, moyo ulisema nini. Nilipotetemeka aliniambia, "Hapa ni Dar es Salaam, mwaka ni 2011." Aliyaandika yote, na kikao kilichofuata alinisomea tuyasahihishe.

Kwa nini jambo hili linatibu? Kumbukumbu ya hofu kuu huwekwa vipande vipande, haina tarehe wala mahali. Ndiyo maana mlio wa tairi hurudisha Lukaya yote, na mwili hudhani ni leo. Kuisimulia kwa utaratibu, mbele ya mtu aliyefunzwa, huirudishia tarehe yake. Haifutiki, bali inakuwa jambo lililopita.

Wala haya si maneno yangu tu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihusu Wanyarwanda na Wasomali 277. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Baadaye, katika kila 10 waliopata tiba ya namna hii, 7 hivi hawakuwa tena na ugonjwa huo. Katika wale ambao hawakutibiwa, hawakufika 4.

Wanangu, mnapokwenda Kariakoo kununua viatu, kumbukeni kwamba jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya vita hivyo, na maelfu walikufa. Waliorudi, nani aliwauliza walikuwa wapi?

Basi nina mambo matatu. Kwanza, mtu anayeshtuka, asiyelala, anayekwepa watu baada ya vita au ajali, si mwoga wala hana wazimu. Ni mgonjwa, na hospitali ipo. Wengine husaidiwa na dawa pia. Hilo ni la daktari kuamua. Pili, msimlazimishe kusimulia barazani, na msimwambie asahau. Mkaeni karibu, mpelekeni kwa aliyefunzwa. Tatu, msicheke.

Mlio wa tairi bado hunishtua, lakini sasa ninabaki nimesimama. Mwaka 2013 mke wangu alirudi. Na rafiki yangu wa Lukaya, jina lake limo kwenye karatasi zile, pamoja na ukweli kwamba nilimkimbia. Alistahili angalau hilo.