Taya Likiuma, Usilaumu Jino Kwanza

Msikilizaji wa Buna na Wajir Kaskazini kwa jumla, taya likiuma wengi hulishuku jino, na mara nyingine jino zima hung'olewa bure. Weka vidole mbele ya masikio, ufungue kinywa polepole: kinachosogea hapo ni kiungo cha taya. Kikiuma unapotafuna, ilhali meno hayashtuki kwa baridi wala kwa kugongwa, huenda tatizo ni kiungo hicho au misuli yake. Na hapa kwetu yupo mshukiwa wa wazi, miraa. Mlaji hubana majani shavu moja kwa saa nyingi, na watafiti nchini Yemen wamehusisha mazoea hayo na maumivu ya kiungo hiki.

Utasema wazee wametafuna miaka nenda miaka rudi bila kuumwa. Kweli, na wapo wanaoumwa bila kuonja miraa, kwa kusaga meno usingizini au kwa wasiwasi. Lakini uzima wa mzee hauliponyi taya lako, na dawa ya maumivu itakuhadaa tu ukiendelea kutafuna. Lipumzishe wiki mbili hivi: uji, wali laini, maziwa ya ngamia, nyama kavu ingoje. Likande kwa kitambaa cha maji ya moto, na upigapo miayo usiachame sana. Shavu likivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Taya likikaza baada ya jeraha, huenda ni pepopunda. Maumivu yakiambatana na kubanwa kifua na jasho, huenda ni moyo. Hapo usingoje hata saa moja.