Ateri Inapojenga Mfupa: Seli Zinazoshupaza Mishipa ya Damu
Mada kwa wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii, Ntoto



Akija mzee mwenye tansiyo ya 180 kwa 70, wengi wetu tunaiogopa namba ya juu, tunaifurahia ya chini, tunaandika dawa na kumwita anayefuata. Naomba leo tutazame pengo lililo kati ya namba hizo mbili. Ateri yenye afya hupanuka moyo unapopiga, kisha hujirudi na kuisukuma damu mbele wakati moyo umepumzika, kwa hiyo namba ya chini haiporomoki. Ateri ngumu haipanuki. Damu inaugonga ukuta wake kwa nguvu zote, halafu shinikizo linashuka ghafla. Pengo la 110 linatuambia kwamba ukuta umeshupaa.

Umeshupazwa na nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba mtu akizeeka kalsiamu inazidi na kuganda mishipani, kama chokaa ndani ya birika la kuchemshia maji. Jibu hilo ni rahisi, tena lina madhara, maana ndilo linalomfanya mtu wa Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini, aambiwe aache maziwa. Kwa nini aache? Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2016 baada ya kuwafuatilia watu kwa miaka 10 hivi, ulikuta kwamba waliokula kalsiamu nyingi kwenye chakula hawakuwa na mishipa migumu zaidi ya wengine. Waliotiliwa shaka ni waliomeza vidonge vya kalsiamu. Mwenye figo zilizoshindwa ni habari nyingine, nami nitamfikia.

Rudolf Virchow, yule Mjerumani wa karne ya 19, alikwisha kuona kwa hadubini kwamba ndani ya ateri zilizougua mna mfupa hasa, wala si chokaa tu. Mwaka 1903 mwenzake Mönckeberg akaeleza ugumu wa tabaka la kati la ateri, ambao leo tunaukuta sana kwa wagonjwa wa sukari na wa figo. Huo ni tofauti na ule wa tabaka la ndani, unaofuatana na mafuta yaliyoganda. Hata hivyo, kwa miaka mingi madaktari waliendelea kuuona ugumu wote kuwa takataka za uzee. Mwaka 1993 kundi la Linda Demer huko Los Angeles lilionyesha kwamba ndani ya ateri zilizougua kuna protini ileile inayouamuru mwili utengeneze mfupa.

Anayeipokea amri hiyo ni seli ya msuli laini. Kazi yake ya kila siku ni kukaza na kulegeza ukuta wa ateri. Lakini seli hii ina tabia ya pekee: haikufungwa katika kazi moja maisha yake yote. Ikikaa muda mrefu katika sukari nyingi, fosfeti nyingi, sumu za figo au uvimbe usiokwisha, inapunguza protini za kukazia na kuamsha jeni iitwayo RUNX2, ambayo kwa kawaida huongoza seli za mifupa. Kisha inaanza kutoa vifuko vidogo mno vyenye kalsiamu na fosfeti. Vifuko hivyo vinanasa kwenye nyuzi za ukuta, na hapo fuwele za kwanza zinaota. Seli zinazokufa nazo huacha mabaki ambayo fuwele huyashika.

Fosfeti inastahili kutazamwa peke yake. Mwaka 2000 watafiti waliziweka seli za ateri ya binadamu katika maji yenye fosfeti ya kiwango kinachopatikana kwa mgonjwa wa figo. Seli zikaanza kuweka madini na kuwasha jeni za mfupa. Walipouziba mlango ambao fosfeti hupitia kuingia ndani ya seli, kazi hiyo ikasimama. Figo zikishindwa kuitoa fosfeti, basi, ateri ndizo zinazolipa. Mwenye figo hizo ndiye mgonjwa wa kupimiwa maziwa yake, na sababu ni fosfeti iliyomo.

Mwili una breki zake. Ini hutoa fetuini-A, na seli za ateri zenyewe hutengeneza protini iitwayo MGP, isiyofanya kazi bila vitamini K. Panya walioondolewa jeni ya MGP, katika jaribio la mwaka 1997, walishupaa ateri na kufa kabla ya kumaliza miezi miwili, kwa kuwa mishipa ilipasuka. Najua mtauliza habari za sombe na lenga-lenga. Naam, majani ya kijani yana vitamini K, na mawese husaidia mwili kuipokea. Lakini wagonjwa wa kusafishwa damu waliojaribiwa kwa vidonge vya vitamini hiyo hawakupata nafuu ya kuaminika katika ugumu wa ateri. Sombe ibaki kuwa chakula kizuri. Asiiuze mtu kama dawa.

Wala umri peke yake hautoshi kuwa sababu. Mwaka 1929 daktari Donnison aliandika kwamba, kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kule Kisii, Kenya, hakumkuta hata mmoja mwenye tansiyo ya juu. Mwaka 2017 Watsimane wa Bolivia walipopigwa picha za moyo, watu 85 katika kila 100 hawakuwa na kalsiamu yoyote katika ateri za moyo.

Hapa hatuna mashine za picha hizo, ila tunao mkanda wa tansiyo na vidole. Angalieni mtego mmoja: ateri ya mguu iliyoshupaa haikubali kubanwa na mkanda, kwa hiyo namba ya kifundoni hutoka juu na kutudanganya kwamba damu inafika vizuri. Mgonjwa wa sukari mwenye kidonda mguuni, mvueni viatu vyote viwili, papaseni mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, pimeni protini kwenye mkojo kama vijiti vipo. Mkiyakosa mapigo, msiiamini namba ya mkanda: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kabla kidole hakijawa cheusi.