Kumtafuta Mzee Ambaye Hakurudi Kutoka Vitani
Magazeti ya kale na kumbukumbu za nyumbani

(Hotuba kwa wakuu wa koo na wazee wa kanisa)



Katika koo nyingi za miteremko ya Kilimanjaro limo jina moja ambalo wazee hulitaja kisha wakanyamaza. Husemwa tu kwamba alikwenda kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani, naye hakurudi. Kihambani hakuna kaburi lake, wala hakuna barua. Na orodha ya Wakristo wa kwanza inapoandaliwa kwa ajili ya jubilei, jina la namna hiyo huachwa kwa sababu halina tarehe ya mwisho. Hilo si haki, na tena si lazima, maana mtu huyo ameacha nyayo mahali pengi kuliko jamaa zake wanavyodhani.

Nyayo za kwanza huenda zimo magazetini. Gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa Tanga mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Kijerumani. Pwani na Bara, gazeti la misioni za Kiinjili, lilifuata mwaka 1910. Walimu wenyeji walipeleka humo habari za mahali pao: nani amehamishwa, nani amefariki, mvua imenyeshaje, simba au chui amefanya nini. Habari ya mistari mitatu yaweza kumweka mtu mahali fulani katika mwezi fulani, na hilo ni jambo ambalo masimulizi ya mdomo, pamoja na utajiri wake wote, hulifanya kwa shida.

Lakini mtafutaji na asome kwa subira. Katika maandiko ya wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, Machame huandikwa Madschame, Moshi huwa Moschi, na Yohane huanza kwa herufi j. Aidha, mtu alizaliwa na jina moja, akabatizwa kwa jingine, na jina la ukoo ambalo wajukuu wanalitumia leo pengine yeye mwenyewe hakulitumia kamwe. Anayetafuta jina la ukoo peke yake atarudi mikono mitupu na kudhani hakuna kitu. Inafaa kuanza na jina la ubatizo, jina la baba, na mahali.

Kisha huja kimya. Majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi mwezi Machi 1916, na magazeti yale mawili yalikoma wakati wa vita. Pande zote mbili zilichukua wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi, nao walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mwaka 1918 homa ya mafua iliyoenea duniani kote ikafika huku nako. Kufikia mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na walimu na wazee wenyeji wakabaki na mzigo wa sharika. Gazeti la Mambo Leo, pamoja na sehemu yake ya habari za miji, lilianza Januari 1923. Hivyo magazeti yalinyamaza katika miaka ile ile ambayo nyumba nyingi zilipoteza watu wao. Hata Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi, haina jina la hata mmoja wao.

Hapo ndipo kumbukumbu za nyumbani na vitabu vya usharika vinapopaswa kusema, na mara nyingi shahidi mkuu ni mwanamke. Kifo cha mpagazi aliyefia mbali hakikuandikwa katika kitabu cha mazishi, kwa kuwa hakuna aliyemzika hapa. Lakini mkewe akiandikwa miaka michache baadaye katika kitabu cha ndoa kama mjane, maana yake wazee wa kanisa waliuliza, wakapata habari, wakaridhika kwamba mumewe amekufa. Kanisa halikumfungisha ndoa mwanamke ambaye mumewe alidhaniwa yu hai. Tarehe ya ndoa hiyo ya pili basi ni mpaka: mzee alifariki kabla yake.

Ilitokea pia kwamba mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu kwa desturi ya ukoo, naye akatengwa na meza ya Bwana kwa sababu hiyo. Maandishi ya kutengwa kwake nayo yanashuhudia kifo cha mume. Wajukuu wengine hukasirika wakionyeshwa mstari huo, na hasira yao inaeleweka: mama alipoteza mume kwa vita visivyo vyake, kisha akapoteza na nafasi yake kanisani. Mwandishi wa historia ya usharika hapaswi kuutangaza mstari huo bila ruhusa ya uzao wake. Wala hapaswi kuuchana.

Baada ya vitabu, na waulizwe wenye nyumba. Kwa Wachaga mtoto wa kiume wa kwanza kwa kawaida huitwa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo jina linalorudi katika kizazi cha tatu laweza kumwonyesha mzee ambaye hakuna karatasi inayomtaja. Nani alirithi kihamba, na lini, ni swali jingine lenye faida. Cheti cha ubatizo kilichokunjwa ndani ya Biblia ya bibi ni bora kuliko hotuba ndefu. Karatasi hizo na zinakiliwe mapema, kwa maana mchwa hawangoji jubilei.

Gazeti na nyumba vikipingana, visilazimishwe kupatana. Yaandikwe yote mawili, kila neno na mahali lilipotoka. Na katika orodha ya Wakristo wa kwanza, aliyepotea aandikwe hivi: jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, mwaka wa kubatizwa, mwaka alioonekana mara ya mwisho, na jina la mkewe.