Kijana wa Mbio na Chupa

(Haya ni mazungumzo yetu na wanachama wa vikundi vya kujisaidia. Wengi waliomba tuyaandike ili wasomewe wale ambao hawakufika.)



Tukikutana huwa tunazungumza mambo ya ng'ombe wa maziwa, tangi la maji na mkopo wa mbegu. Leo tumekuja na jambo lingine. Tunataka kuzungumza juu ya vijana wetu wanaokimbia na kucheza mpira, wale waliopata nafasi ya chuo kwa sababu ya miguu yao. Wengine wako hapa hapa nchini, wengine wamevuka bahari mpaka Marekani. Na jambo lenyewe ni pombe, bangi, miraa na vidonge.

Najua mtasema, eti mwanamichezo hanywi, kwani angekunywa angekimbiaje? Hata sisi tulidhani hivyo. Lakini uchunguzi katika vyuo vya Marekani umeonyesha zaidi ya mara moja kwamba wanamichezo hunywa kupita kiasi mara nyingi kuliko wanafunzi wasiocheza. Sigara ndiyo huvuta kidogo. Sababu si ngumu kuiona. Timu hula pamoja, hulala pamoja na husafiri pamoja. Wakishinda wanasherehekea, wakishindwa wanajifariji, na chupa ni ile ile. Mgeni akikataa anaonekana kama amejitenga. Tena msimu wa mashindano wanajizuia kwa nguvu, halafu msimu ukiisha wanakunywa kama watu waliofunguliwa kamba.

Sasa tuwakumbushe mtu mmoja ambaye wazee hapa wanamjua, Henry Rono wa Nandi. Katika miaka ya sabini alienda kusoma katika chuo kikuu cha Washington State, mji wa Pullman, kule Marekani. Hakuwa Mkenya pekee pale. Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, alikuwa wa chuo hicho hicho. Basi mwaka 1978 Rono alifanya jambo ambalo watu bado wanalisimulia. Tarehe 8 Aprili alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000. Tarehe 13 Mei, ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tarehe 11 Juni, ya mita 10,000. Tarehe 27 Juni, ya mita 3,000. Rekodi nne kwa siku 81! Ile ya viunzi haikuvunjwa mpaka mwaka 1989.

Mtu kama huyo mngetazamia awe na medali ya Olimpiki. Hakupata hata nafasi ya kushindana. Mwaka 1976 Kenya haikushiriki Montreal kwa sababu ya mambo ya Afrika Kusini, na mwaka 1980 haikwenda Moscow. Na huku pombe ilikuwa imeanza kumshika. Yeye mwenyewe hakuficha jambo hilo baadaye, alilisema wazi na kuliandika katika kitabu cha maisha yake.

Kuna hadithi moja ambayo vijana huipenda sana. Mwaka 1981 Rono alikuwa amenenepa, watu wanasema amekwisha. Akajifua, akapunguza mwili, na mwezi wa Septemba kule Knarvik, Norway, akavunja tena rekodi yake ya mita 5,000. Inasimuliwa kwamba usiku uliotangulia alikuwa amekunywa sana. Kijana akisikia hayo anacheka na kusema, "Mnaona? Pombe haikumzuia." Jamani, hapo ndipo penye hatari. Mwili wenye kipaji kikubwa huficha ugonjwa kwa muda mrefu. Mtu wa kawaida akinywa, shamba lake linasema mapema. Bingwa anaendelea kushinda, na anayeshinda haulizwi kitu na mtu yeyote.

Hiyo ya 1981 ndiyo ilikuwa rekodi yake ya mwisho. Pesa zikaisha. Akafanya kazi ya kuosha magari na ya kubeba mizigo uwanja wa ndege, na kuna wakati alilala katika nyumba ya watu wasio na makao. Lakini hakufia huko. Aliiacha pombe, akawa mwalimu na mkufunzi wa wakimbiaji mjini Albuquerque, mwaka 2019 akarudi nyumbani, na tarehe 15 Februari 2024 akafariki akiwa na miaka 72. Tunamtaja kwa heshima. Aliyesimama akasema "pombe ilinishinda" ametusaidia kuliko wale walionyamaza.

Sasa tuje kwetu, na hapa tutasema ukweli ingawa unatuchoma. Miaka kadhaa iliyopita tulichangia harambee ya kijana mmoja aliyepata nafasi ya kukimbia huko ng'ambo. Tuliuza mbuzi, akina mama wakatoa pesa za mzunguko wao. Aliporudi likizo ya kwanza tulimpokea kwa nyimbo na nyama choma, na kreti tatu za bia. Nani alimpa chupa ya kwanza? Sisi. Alikuwa amesema hanywi. Tukamwambia sasa wewe ni mwanamume, usitudharau. Kila likizo ikawa hivyo, tukamwona akibadilika, na hakuna aliyesema neno kwa sababu bado alikuwa akituma pesa. Chuo kilipomwondoa kwenye timu, tulilaumu chuo. Tulilaumu hata baridi ya huko. Kreti zetu hatukuzitaja.

Mama mmoja katika kikundi alituuliza, "Lakini chupa moja mbili zinamdhuru nini mtu mwenye nguvu?" Ni swali zuri. Ini la mtu lina mwendo wake wa kuondoa pombe, nalo haliharakishwi na kahawa, wala maji baridi, wala supu. Bia moja ya nusu lita inaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Basi hesabuni: kijana aanze saa tatu usiku, anywe chupa nne. Saa kumi na mbili asubuhi mkufunzi anapopiga filimbi, huenda pombe bado imo katika damu yake. Tena pombe humkojoza, anaanza mazoezi akiwa amekauka. Usingizi wake ulikuwa wa kukatikakatika, na misuli aliyoichosha jana haikupata nafasi ya kujijenga. Ndiyo sababu anaumia goti, halafu kifundo, na wazee wanaanza kuuliza nani amemroga.

Mkimbiaji hapimwi pombe. Vitu vingine ndivyo vinapimwa, na wengi hawajui. Bangi imekatazwa siku ya mashindano ya kimataifa. Ndani ya miraa na muguka mna kemikali zilizo katika orodha hiyo hiyo; kijana aliyetafuna usiku ili asisinzie njiani anaweza kujikuta matatani kesho yake. Na tangu Januari 2024 dawa ya maumivu iitwayo tramadol nayo imekatazwa wakati wa mashindano. Kwa hiyo mwanamichezo asinunue kidonge dukani kwa kuambiwa na rafiki. Amwambie daktari kwanza kwamba yeye hushindana.

Juu ya kokeini tutasema kifupi. Tarehe 17 Juni 1986 kijana Len Bias wa chuo kikuu cha Maryland alichaguliwa na Boston Celtics, akiwa wa pili katika nchi nzima. Siku mbili baadaye alikuwa maiti. Alitumia kokeini pamoja na wenzake katika bweni la chuo, na moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 22, na nguvu zote zile hazikumsaidia.

Tulipomaliza, mzee mmoja alisimama nyuma. Alisema kwa sauti ya chini, "Hayo ni ya wale ambao bado. Na wangu ambaye amekwisha kuzoea, nimfungie nyumbani mpaka aache?"

Tulimjibu hivi, na tunaomba msome vizuri. Usimfungie, baba. Mtu anayekunywa sana kila siku akikatizwa ghafula anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa na kufa. Mpelekeni hospitali, aachishwe huku akiangaliwa. Hali hiyo ikitokea nyumbani usiku, tafuteni gari usiku huo huo. Kwa ushauri mnaweza kupiga simu 1192 ya NACADA, haina malipo. Na akirudi, msimpeleke kwenye kikundi kuhojiwa kama mwizi. Mpeni kazi ya mikono mliyo nayo, kama vile kuwafundisha watoto wa shule kukimbia jioni.

Baada ya hapo mweka hazina wa kikundi aliomba jambo moja liandikwe katika kitabu cha mkutano, nalo likapitishwa kwa kuinua mikono: kijana yeyote wa kikundi akirudi kutoka chuoni, atapokewa kwa chai, maziwa na nyama. Mtu akitaka kununua bia, anywe kwake. Wazee wawili hawakuinua mikono. Tumewaandika pia.