Nyumba Isiyokula Mlima

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa Kamati za Maendeleo za Sharika, Mbulu na Hanang)



Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna agizo fupi ambalo tunalipita haraka tunaposoma. Mtu anayejenga nyumba mpya anatakiwa kuzungushia paa lake kizuizi, kwa sababu akianguka mtu kutoka pale, hatia ni ya mwenye nyumba. Wazee wetu waliokulia kwenye tembe wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Paa la tembe ni tambarare, na kule Kainam, ambako nyumba zilichimbwa ubavuni mwa mlima, mgeni aliweza kutembea akajikuta amesimama juu ya nyumba ya mtu.

Siku hizi mapaa yetu ni ya bati na hakuna anayetembea juu yake. Lakini hatia ya mjenzi haijaisha, imehama tu. Tunataka tuzungumze mahali ilikohamia, na tuanze na sisi wenyewe wa Ofisi ya Miradi.

Kwa miaka mingi tumeandika maombi ya fedha kwa ajili ya nyumba za wainjilisti, madarasa ya chekechea na ofisi za sharika. Katika bajeti tuliweka bati, misumari, saruji, mbao na fundi. Upande wa nguvu za wananchi tuliandika mawe, mchanga, maji na matofali ya kuchoma. Wafadhili walifurahi kuona mchango wa washarika ni mkubwa. Lakini someni tena karatasi zile: hakuna mstari wa kuni. Tofali liliandikwa kana kwamba linaiva kwa jua. Kuni zilikatwa na vijana na kubebwa na akina mama, na kwa kuwa hazikununuliwa, sisi tulizihesabu kuwa bure.

Usharika mmoja ulitufundisha, nasi hatutautaja jina kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Tanuru lilipangwa vizuri, likakandikwa udongo, kisha mvua ikawahi kabla ya moto. Matofali ya juu yakalainika, ya pembeni yakameguka. Mvua ilipoisha kazi ikarudiwa, na kuni zikatafutwa mara ya pili. Safari hii zilitoka kwenye miti iliyokuwa juu ya chemchemi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nyumba ya mwinjilisti ikaisha, ikawekwa wakfu, tukapiga picha. Kiangazi kilichofuata akina mama walikuwa wakilala foleni kwenye chemchemi ile. Hatuwezi kuapa kwamba tanuru peke yake ndilo lililopunguza maji, lakini hatuna ujasiri wa kusema halikuhusika.

Ndiyo maana tunapendekeza kwenu matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yale yanayofungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukiyahimiza. Hayaingii tanuruni kabisa. Udongo unachekechwa, unachanganywa na saruji kidogo na maji kidogo, unashindiliwa, kisha tofali linawekwa kivulini na kumwagiwa maji kwa siku saba au zaidi. Kwa kuwa yanaingiana yenyewe, ukuta unatumia udongo wa kujengea kidogo sana, na ukiwa umenyooka hauhitaji lipu ya nje. Tuseme kweli pia: saruji nayo huchomwa kiwandani. Hakuna nyumba isiyokula kitu. Ila hii haili miti ya chemchemi yako.

Jambo la kuangalia sana ni udongo. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, haufai. Udongo mwekundu wenye mchanga ndani yake mara nyingi unafaa. Chukueni chupa ya kioo, jazeni udongo nusu, ongezeni maji, tikiseni, iacheni mpaka kesho yake. Mchanga utatulia chini na mfinyanzi juu, nanyi mtaona kwa macho ni kipi kimezidi. Fundi asiyetaka kufanya jaribio hili msimpe kazi.

Tulipoeleza haya kwa mara ya kwanza, mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza, "Kwa hiyo mnataka turudi kwenye tembe?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Wengi wetu tuliambiwa tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kwamba nyumba bora ni bati na tofali la kuchoma, na anayejengea udongo amebaki nyuma. Tulimjibu mzee wetu kwamba hatumrudishi huko. Tembe lilikuwa na giza, moshi na ng'ombe ndani, na paa lake lilihitaji nguzo na fito nyingi. Nalo lilikula msitu. Lakini lilikuwa na akili ambayo tuliitupa pamoja na moshi. Lilijificha upepo. Udongo wake mnene ulihifadhi joto usiku wa Juni na Julai, wakati bati tupu linageuka kuwa jokofu. Na samadi ya ng'ombe wale ilikwenda shambani, ndiyo iliyowawezesha Wairaqw kulima miteremko ile ile vizazi kwa vizazi.

Basi anayejenga leo aweke dari chini ya bati, hata kama ni dari ya kawaida tu. Huku Mbulu juu, chumba cha kulala kipate dirisha la mashariki ili jua la asubuhi liingie. Kwa wenzetu wa bondeni, ambako tatizo ni joto, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na paa litokeze vya kutosha kuukinga ukuta. Hayo hayaongezi gharama kubwa, yanahitaji mtu afikiri kabla ya kuchimba msingi. Na kwa ua wa boma, kwa nini tukate miiba kila mwaka? Upo mmea wa manyara, ambao ziwa letu na baadaye mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2002 vimepata jina kwake. Unapandwa kwa kuchomeka tawi tu. Tahadhari ni utomvu wake, usiingie machoni mwa watoto.

Bati lina sifa moja ambayo tembe halikuwa nayo kabisa: linakusanya maji. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mwinjilisti ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, paa hilo linapokea lita 28,800. Toeni sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki zaidi ya lita 23,000. Tukiangalia sharika zetu, ni mapaa mangapi ya kanisa, makubwa kuliko hayo, yasiyo na gata hata moja? Maji yanaanguka, yanachimba msingi, kisha Jumatatu mama mchungaji anakwenda mtoni na ndoo.

Kuhusu jiko tutasema kwa kifupi, kwa kuwa Idara ya Wanawake imelifundisha vizuri kuliko sisi. Jiko banifu lenye bomba la moshi lipangwe kwenye ramani tangu mwanzo, lisiwe kibanda cha kuongezwa baadaye. Sharika zenye shule zikumbuke kwamba tangu mwaka 2024 serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa.

Limebaki jambo zito, nalo ni mahali pa kujenga. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh, Gendabi na maeneo jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi wetu hapa tulizika. Hatusemi kwamba matanuru ya matofali yaliangusha mlima. Kusema hivyo ni kuwaongezea wafiwa mzigo. Tunachosema ni kwamba tope lilifuata njia za maji, na nyumba zilizokuwa kwenye njia hizo hazikusalimika, ziwe za udongo au za kuchoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Viwanja kadhaa vya kanisa, tulivyopewa kwa upendo na washarika, viko ndani ya mita hizo. Kukataa kiwanja cha zawadi ni kazi ngumu, tunajua. Kamati ikikwama, itupe sisi lawama.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Ofisi haitapeleka tena kwa wafadhili ombi la jengo la matofali ya kuchoma, isipokuwa yale ambayo tayari yameshachomwa. Kila ombi liambatane na mchoro unaoonyesha umbali wa kiwanja kutoka korongo au mto, na liwe na mstari wa gata na tangi. Kwa marafiki wafadhili, tunaomba mkubali kwamba safu ya mchango wa wananchi itaonekana ndogo kuliko zamani. Haimaanishi washarika wamechoka. Tumeacha tu kuandika miti yao kuwa ni bure.

Mashine za kufyatulia matofali tunazo mbili, na zitazunguka kwa zamu, fundi akiwa nazo. Wanaotaka kuanza kabla ya masika walete chupa zao za udongo ofisini, zikiwa zimeandikwa jina la usharika.