TOVUTI NI UBAO WETU WA PILI
(Maneno ya Kamati kwenye mkutano wa wanachama)



Ubao huu anausoma anayefika ofisini tu. Mnunuzi wa kahawa aliye Ujerumani atajuaje kwamba tupo? Anamsikia mlanguzi, na mlanguzi hasemi kahawa ni ya nani.

Tovuti ni ubao unaosomwa popote, usiku na mchana. Tuandike humo mashamba yako wapi, tunavuna miezi gani, magunia mangapi, na simu ya ofisi. Hata mfadhili wa kisima hutazama humo kabla hajaiamini barua yetu.

Jamani, msitishike. Teknolojia ya tovuti ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1993, bila ada. Tunacholipia sisi kila mwaka ni jina na mahali pa kuiweka. Hapa Tanzania majina ya biashara huishia .co.tz, ya mashirika yasiyo ya faida .or.tz, na vyama vya ushirika duniani vina.coop.

Ila jina liandikishwe kwa chama, siyo kwa kijana anayetutengenezea. Akihama nalo, tumekwisha. Na bei ikibadilika, ibadilishwe humo siku hiyohiyo.

Haya, tuamue wote. Chama ni chetu.