OILI INAYORUDI NAYO INATAKA NJIA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya jambo lolote la kazi yangu ya ufundi wa magari. Nimechagua jambo dogo, nalo ni bomba la kurudishia oili kutoka kwenye tabo au supachaja hadi kwenye sampu ya injini. Bomba hili halina hata kipande kimoja kinachozunguka, lakini huwatia watu hasara kubwa, na katika injini ya dizeli laweza kuleta hatari.

Kwanza tuelewane. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa pistoni zake zenyewe. Tabo na supachaja huisukuma hewa iingie nyingi zaidi, ili mafuta mengi zaidi yaweze kuungua. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Tabo huzungushwa na moshi unaokwenda kwenye ekzosi. Wakubwa mnakumbuka mwaka 1984 Björn Waldegård aliposhinda Safari Rally nchini Kenya kwa Toyota Celica yenye tabo, na gari la aina hiyo likashinda tena 1985 na 1986. Leo tabo si kitu cha mashindano tu. Imo katika malori na mabasi yanayopanda Kitonga, na katika pikapu nyingi za dizeli.

Mhimili wa tabo ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika tabo nyingi mhimili huo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo huletwa na pampu ya injini kwa bomba jembamba, tena kwa msukumo. Lakini ikishapita kwenye beringi, msukumo umekwisha. Hutoka ikiwa ya moto, imechanganyika na hewa, ina povu. Tangu hapo hakuna kinachoishusha ila uzito wake wenyewe. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na oili ni vivyo hivyo. Kanuni zote za bomba hili zinatoka hapo.

Kwanza, liwe pana. Bomba la kupelekea laweza kuwa la milimita chache tu. La kurudishia kwa kawaida halipungui milimita 12 kwa ndani, na mengi ni mapana zaidi, kwa sababu povu hutaka nafasi.

Pili, literemke moja kwa moja. Tundu la kutokea oili kwenye tabo lielekee chini, na likikengeuka, lisizidi nyuzi 35 kutoka wima. Bomba lisipande popote, wala lisiwe na bonde litakalotuamisha oili.

Tatu, liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Likiingia chini ya usawa huo, oili iliyomo ndani huizuia inayokuja.

Nne, injini ipumue. Gesi zinazopenya kando ya ringi za pistoni hujaa ndani ya injini. Mpira wa kupumulia ukiziba, au ringi zikichakaa, gesi hizo huikataza oili kushuka hata kama bomba ni jipya.

Tano, bomba likae mbali na ekzosi, na mpira wake uwe wa kustahimili oili ya moto. Mpira wa maji huvimba kwa ndani na kuifinya njia. Na gundi ya silikoni isipakwe kwenye gasketi ya bomba hili, maana ile inayobanwa kwa ndani huziba tundu.

Je, njia ikiziba hutokea nini? Oili hujaa katikati ya tabo. Ringi za pale hazikuumbwa kuzuia oili iliyojaa, basi huvuja pande zote mbili. Moja huenda kwenye ekzosi, na gari hutoa moshi wa buluu. Nyingine huenda kwenye njia ya hewa na kuingia katika injini. Injini ya dizeli ikinyweshwa oili ya kutosha kwa njia hiyo, huweza kukimbia yenyewe bila kujali mguu wa dereva, na kuzima kwa ufunguo kusisaidie.

Aliniletea gari mzee mmoja aliyekwisha kununua tabo mbili kwa mwaka mmoja katika gereji nyingine. Moshi ulikuwa pale pale. Tulipolala chini ya gari tuliona mpira wa kurudishia umekatwa mrefu kupita kiasi, umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Tuliukata, tukaunyoosha uteremke, tukasafisha na mpira wa kupumulia. Tabo ile ile iliendelea kufanya kazi.

Wenye supachaja wasijione wamesalimika. Nyingine zina oili yao wenyewe, hazihitaji bomba hili. Lakini zile zinazochukua oili ya injini hufuata kanuni hizo hizo, na mara nyingi fundi hulazimika kutoboa sampu, upande wa juu. Ni heri aifungue kwanza, kwa sababu vumbi la chuma likibaki ndani litakwenda kwenye beringi. Na mashine ikifungwa chini kuliko sampu, uzito hautoshi. Lazima iwekwe pampu ya kunyonya oili na kuirudisha.

Kwa hiyo, wenye magari, mkiambiwa tabo imekufa, mwombeni fundi afungue bomba la kurudishia injini ikiwa imepoa, na mtazame wenyewe kama mwanga unapita. Atazame pia kichujio cha hewa, kwani kikiziba tabo huvuta oili. Hayo yote ni kazi ya saa moja au mbili, na tabo ni mishahara ya miezi.

Nanyi vijana, msukumo na uzito mnafundishwa katika fizikia. Atakayependa kuviona vikifanya kazi, aje gereji wakati wa likizo, na nguo za kuchafuka.